Edith Cavell: muuguzi ambaye hakuchagua mgonjwa



Katika mitaa na vijiji vyetu kuna milango miwili ambayo watu huigonga hata usiku wa manane: mlango wa mchungaji na mlango wa muuguzi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa, mtoto mwenye homa kali, kijana aliyepigwa risasi njiani, wote hupelekwa kwanza kwa muuguzi. Na katika miaka hii ya vita mlango huo umeletewa maswali mazito. Huyu aliyelala kitandani ni wa upande gani? Nani alimleta? Kwa nini mnamtibu? Wauguzi wengi wa mashariki wameulizwa hivyo na watu wenye silaha. Wengine wameulizwa na majirani, hata na waumini wenzao.

Ndiyo sababu tumeona vema kusimulia maisha ya Edith Cavell, muuguzi Mwingereza aliyeuawa Bruxelles tarehe 12 Oktoba 1915. Alikuwa binti wa mchungaji na mwalimu wa wauguzi. Kanisa la Kianglikana la Uingereza humkumbuka kila mwaka tarehe hiyo. Watu wengi wanajua namna alivyokufa. Sisi tunataka tuangalie kwanza namna alivyofanya kazi, maana kifo chake hakieleweki vizuri pasipo kazi yake.

Binti wa mchungaji wa kijiji

Edith alizaliwa tarehe 4 Desemba 1865 katika kijiji cha Swardeston, karibu na mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 4. Baba yake, Frederick Cavell, alikuwa mchungaji wa kijiji hicho kwa muda wa miaka 45. Nyumba yao haikuwa na mali nyingi, na baba alikuwa mtu wa sheria na nidhamu. Lakini siku ya Jumapili chakula cha familia kiligawanywa pia kwa maskini wa jirani. Watoto walijifunza mapema kwamba sahani yao haikuwa yao peke yao.

Edith alijua kuchora vizuri. Kanisa lilipohitaji chumba cha mafundisho ya watoto, msichana huyo alimwandikia askofu wa Norwich kuomba msaada. Askofu alikubali, ila alitaka wanakijiji nao watoe sehemu yao. Basi Edith na mama yake wakaandika barua kwa watu, naye akachora kadi na kuziuza, mpaka fedha zikapatikana na chumba kikajengwa. Tunaona hapa tabia ambayo hakuiacha maisha yake yote: akiona hitaji, hakungojea mtu mwingine aanze.

Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za watu. Kuanzia mwaka 1890 hadi 1895 alikuwa Bruxelles, katika familia moja ya Kibelgiji, na huko akajua Kifaransa vizuri. Mwaka 1895 baba yake aliugua sana. Edith akarudi nyumbani kumtunza. Baba akapona, na kwa kumhudumia yule mgonjwa mmoja binti akatambua kazi aliyoitiwa.

Kazi hufundishwa

Aliingia shule ya uuguzi ya London Hospital mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 30. Ilikuwa hospitali kubwa katika mtaa wa maskini wa mashariki ya London. Mkuu wa wauguzi pale, Eva Lückes, alikuwa mwanamke mwenye jicho kali, na aliandika maoni juu ya kila mwanafunzi. Juu ya Edith hakuandika sifa nyingi. Alimwona kuwa na uwezo akitaka kuutumia, lakini si mwenye bidii ya kutosha, tena si mtu wa kufika kwa wakati.

Tunapenda kukumbuka jambo hili, kwa sababu huwa tunadhani kwamba watu wakubwa walizaliwa wakiwa wamekamilika. Mwanafunzi aliyeshutumiwa kwa kuchelewa ndiye aliyekuja kuwa mwalimu aliyeweka saa mezani wakati wa chakula cha asubuhi. Husimuliwa kwamba mwanafunzi aliyechelewa dakika 2 aliongezewa kazi ya saa 2. Ukali huo haukuwa wa bure. Mgonjwa aliyepaswa kupata dawa saa 12 hawezi kungojea mpaka muuguzi amalize mazungumzo. Maadili ya kazi hayaji na damu ya ukoo wala na kanzu nyeupe. Mtu hufundishwa, hukosolewa, hurudia, mpaka mkono unazoea kutenda mema hata wakati mwili umechoka.

Mwaka 1897 homa ya matumbo ililipuka katika mji wa Maidstone, kwa sababu maji ya mji yalikuwa yamechafuliwa. Watu zaidi ya 1,700 waliugua. Edith alikuwa kati ya wauguzi waliotumwa kutoka London kwenda kusaidia. Sisi tunaoishi mahali ambapo kipindupindu na homa ya matumbo hurudi kila mara maji yanapoharibika, tunajua kazi ile ni ya namna gani: kuosha, kunywesha, kubadilisha shuka, kuosha tena, huku ukijua kwamba ugonjwa unaweza kukupata wewe. Wagonjwa 132 hivi walikufa, na wengine wote wakapona. Mji ukawapa wauguzi medali ya shukrani.

Baadaye alifanya kazi katika hospitali za maskini za London, zile zilizopokea watu wasioweza kulipa. Pale Shoreditch, ambako alikuwa msaidizi wa mkuu wa wauguzi tangu mwaka 1903, alianza kuwafuata wagonjwa nyumbani baada ya kutoka hospitalini, ili ajue kama kweli wanapona. Kwake mgonjwa alikuwa mtu mwenye nyumba na njaa na watoto, hata baada ya kitanda chake kupewa mwingine.

Shule ya Bruxelles

Mwaka 1907 daktari mpasuaji wa Kibelgiji, Antoine Depage, alikuwa akitafuta mtu wa kuongoza shule mpya ya wauguzi. Wakati ule wagonjwa wa Ubelgiji walitunzwa hasa na masista wa Kikatoliki. Walikuwa na moyo wa kujitoa, lakini wengi hawakuwa wamepata mafundisho ya uganga wa kisasa. Depage alitaka wauguzi waliosomea kazi na kupata diploma. Alimchagua Edith Cavell, aliyejua kazi na kujua Kifaransa.

Shule ilifunguliwa mwezi wa Oktoba 1907 katika nyumba nne zilizounganishwa, na wanafunzi wachache sana. Familia za heshima zilidhani ni aibu binti yao kufanya kazi ya mshahara, tena kazi ya kuosha miili ya wageni. Edith hakubishana nao sana. Aliwafundisha wale wachache aliopewa: usafi, wakati, kunyamaza juu ya siri za wagonjwa, kumtii daktari bila kuacha kutumia akili, na kumheshimu mtu maskini kama tajiri. Husimuliwa pia kwamba Malkia Elisabeth wa Ubelgiji alipovunjika mkono aliagiza muuguzi kutoka shule hiyo, na tangu hapo dharau ikaanza kupungua. Ilipofika mwaka 1912, shule ilikuwa ikitoa wauguzi kwa hospitali 3, shule 24 na shule za watoto wadogo 13.

Kwetu habari hii si ya mbali. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya shule ile kufunguliwa, Kongo ilitoka mikononi mwa mfalme Léopold na kuwa koloni la Ubelgiji. Hospitali na shule za wauguzi zilifuata baadaye, nyingi kwa mikono ya misioni za Kikatoliki na za Kiprotestanti. Mama au baba yetu aliyevaa kanzu nyeupe na kubeba cheti chake kwa fahari alikuwa mtoto wa mabadiliko hayo: uuguzi ukawa kazi ya kusomewa, yenye kanuni na kiapo.

Vita ilipofika

Vita ya kwanza ya dunia ilipokaribia, Edith alikuwa Uingereza kumtembelea mama yake mjane, maana baba alikuwa amefariki mwaka 1910. Angeweza kubaki. Aliona kwamba sasa ndipo angehitajiwa zaidi, akarudi Bruxelles mwanzoni mwa Agosti 1914. Hospitali ya shule ikawekwa chini ya alama ya Msalaba Mwekundu. Aliwaambia wauguzi wake kwamba majeruhi wote watapokelewa, awe Mbelgiji, Mfaransa au Mjerumani, kwa sababu kila mmoja wao ni mtoto wa mama fulani. Wajerumani walipoingia mjini tarehe 20 Agosti, wauguzi wengi Waingereza walirudishwa kwao. Yeye alibaki, na majeruhi wa Kijerumani walitunzwa katika vitanda vilevile.

Vita hiyo iliwafikia babu zetu pia. Askari wa Kongo walipigana na Wajerumani kuanzia mipaka ya Kivu, kupitia Rwanda na Burundi, hadi kuuteka mji wa Tabora mwezi wa Septemba 1916. Nyuma yao walikwenda wapagazi kwa maelfu, na wengi walikufa njiani kwa magonjwa na uchovu. Ulaya na Afrika ziliumia katika vita moja.

Baada ya mapigano ya Mons, mwezi wa Agosti 1914, askari wengi wa Uingereza na Ufaransa walibaki nyuma ya mistari ya Wajerumani. Walijificha msituni na katika nyumba za wakulima. Baadhi ya waliokamatwa mafichoni walipigwa risasi, na matangazo yakabandikwa kwamba anayewaficha ataadhibiwa vikali. Mwezi wa Novemba 1914 askari wawili Waingereza waliletwa kwenye mlango wa Edith. Mmoja alikuwa amejeruhiwa. Akawapokea, akawaficha kwa muda wa majuma mawili, kisha wakapelekwa kuelekea Uholanzi, nchi ambayo haikuwa vitani.

Baada ya hao wakaja wengine. Kulikuwa na mtandao wa watu walioshirikiana: Reginald na Marie de Croÿ waliowapokea katika jumba lao, mwalimu Louise Thuliez aliyewaongoza njiani, mchora ramani za nyumba Philippe Baucq, na wengine. Nyumba ya Edith ikawa kituo cha katikati. Kwa muda wa miezi tisa hivi alisaidia watu wapatao 200 kutoroka, wakiwemo askari na vijana Wafaransa na Wabelgiji waliofikia umri wa kuingia jeshini. Alifanya hivyo huku akiendelea kufundisha na kuwatunza wagonjwa. Aliwaficha wauguzi wake mengi ya mambo hayo, ili wasije wakaingia hatarini pamoja naye.

Mbele ya waamuzi

Alikamatwa tarehe 5 Agosti 1915 na kufungwa katika gereza la Saint-Gilles. Alikaa humo majuma 10. Walipomhoji hakukana. Alieleza aliyoyatenda na idadi ya watu aliowasaidia. Hata alikiri kwamba baadhi yao walifika Uingereza na kumwandikia barua za shukrani, jambo ambalo liliwapa waamuzi hakika kwamba askari wale walikuwa wamerudi kweli kwa jeshi la adui.

Kesi ilifanyika tarehe 7 na 8 Oktoba 1915. Washitakiwa walikuwa 35. Wakili wake, Sadi Kirschen, hakuruhusiwa kuonana naye kabla ya siku ile. Edith alifika mbele ya waamuzi akiwa amevaa nguo za kawaida, bila sare ya uuguzi. Alijibu kwa maneno machache. Alisema kwamba aliona maisha ya watu wale yako hatarini, naye akawasaidia. Tarehe 11 Oktoba hukumu ikatangazwa: yeye na wengine wanne wafe. Ubalozi wa Marekani na ule wa Uhispania ulikwenda usiku ule kuomba ahurumiwe, bila kufaulu. Watatu kati ya waliohukumiwa waliokolewa baadaye. Edith na Philippe Baucq wakapangiwa kufa asubuhi iliyofuata.

Kutoka gerezani aliwaandikia wauguzi wake barua ya kuwaaga. Alikiri kwamba huenda alikuwa mkali kupita kiasi kwao, akawaomba msamaha, akawahakikishia kwamba aliwapenda kuliko walivyojua. Wakuu wa kazi wanaosoma maneno haya watafakari hilo. Mwanamke aliyekuwa akingojea kifo alikumbuka kama aliwatendea haki wale waliokuwa chini yake.

Jioni ya tarehe 11 mchungaji Mwanglikana, Stirling Gahan, aliruhusiwa kuingia. Aliyewezesha hilo alikuwa mchungaji Mlutheri wa jeshi la Wajerumani, Paul Le Seur, mtu wa jeshi lilelile lililomhukumu. Edith na Gahan walishiriki Meza ya Bwana ndani ya chumba cha gereza. Alimweleza Gahan kwamba yale majuma ya utulivu yalikuwa kwake kama pumziko kutoka kwa Mungu kabla ya mwisho. Na alimweleza jambo ambalo dunia imelikumbuka: akiwa amesimama mbele ya Mungu na umilele, alitambua kwamba kuipenda nchi yake peke yake hakutoshi. Alipaswa kutokuwa na chuki wala uchungu kwa mtu yeyote.

Asubuhi ya tarehe 12 Oktoba, Le Seur alitembea naye mpaka uwanja wa kulengea shabaha wa Schaerbeek. Hapo akapigwa risasi pamoja na Baucq. Alikuwa na umri wa miaka 49.

Namna walivyomtumia baada ya kufa

Habari za kifo chake zilienea haraka. Katika Uingereza picha na kadi zilitengenezwa zikimwonyesha kama msichana mdogo aliyezimia na kuuawa na afisa mwenye bastola. Haikuwa kweli, lakini picha hizo zilisaidia kuwavuta vijana wengi waingie jeshini kulipiza kisasi. Tunasikitika tukilifikiria jambo hili. Mwanamke aliyekufa akikataa chuki aligeuzwa kuwa chombo cha kueneza chuki. Mwaka 1920 sanamu yake ilisimamishwa katikati ya London, na maneno yake juu ya kutochukia hayakuwekwa hapo mpaka mwaka 1924. Mwili wake ulikuwa umerudishwa mwaka 1919, ukaombewa katika Westminster Abbey, ukazikwa kando ya kanisa kuu la Norwich, si mbali na kijiji alichozaliwa.

Nasi tunajua namna wafu wetu wanavyotumiwa. Aliyeuawa akizikwa, kabla ya udongo kukauka, kuna watu wanaochukua jina lake ili kuwasha moto mwingine. Kanisa lina wajibu wa kulinda ukweli wa maisha ya marehemu dhidi ya wale wanaotaka kuyauza.

Jambo gumu ambalo hatutalificha

Msomaji mwangalifu atauliza: je, muuguzi aliyekuwa chini ya Msalaba Mwekundu alikuwa na haki ya kuwaficha askari na kuwarudisha kwa jeshi lao? Ni swali la haki, na halijibiwi kwa kumwita shujaa.

Mapatano ya Geneva, hata wakati ule, yalilinda hospitali kwa sharti: isitumiwe kumdhuru adui. Wajerumani walisema kwamba Edith alilivunja sharti hilo. Baadaye wanahistoria walionyesha kwamba baadhi ya watu wa mtandao ule walipeleka pia habari za kijeshi. Mtu anayetibiwa hospitalini akiwa jeraha lake linafungwa, huyo ni mgonjwa. Akianza kusafirishwa kwa siri ili arudi kushika bunduki, hospitali imeingia mahali pengine. Na adui akijua hivyo, wagonjwa wote waliolala mle wanaweza kulipa.

Upande mwingine, askari waliogonga mlango wake walikuwa hatarini kuuawa kama wangekamatwa. Neno la Mungu linatupa habari ya wakunga wawili, Shifra na Pua, katika kitabu cha Kutoka. Farao aliwaamuru waue watoto wa kiume wa Waebrania. Wakamcha Mungu, hawakutii, wakamjibu Farao maneno ya kumpotosha, na Mungu akawatendea mema. Hao ni wahudumu wa afya wa kwanza kutajwa katika Biblia kwamba walikataa amri ya mtawala kwa ajili ya uhai. Edith alijiona mahali kama pale.

Sisi tunasema hivi. Alipochagua, alichagua akijua gharama, na gharama alitaka kuibeba yeye. Hakuwatanguliza wauguzi wake vijana. Mbele ya waamuzi hakujificha nyuma ya sare. Mtu anaweza kutokubaliana na uamuzi wake, na bado akajifunza kwa namna alivyoubeba. Lakini tusitumie mfano wake kugeuza vituo vyetu vya afya kuwa maficho ya silaha au ghala la kundi lolote. Kitanda cha hospitali kinabaki salama kwa mtoto wetu siku ile tu ambapo kila upande unaamini kwamba ni kitanda na si kitu kingine. Askari akija ameumia, aache bunduki nje, atibiwe. Akija mwingine wa upande wa pili, naye aache bunduki nje, atibiwe.

Mafundisho kwa wauguzi na kwa kanisa

Mwaka 1899 Baraza la Kimataifa la Wauguzi lilianzishwa, na mwaka 1953, miaka 38 baada ya kifo cha Edith, likatoa kanuni za maadili kwa wauguzi wa dunia yote. Shule za leo hufundisha mambo yanayofanana na hayo: kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, kuwatendea wote haki, kutunza siri, kusema kweli. Wanafunzi hukariri orodha hiyo kwa mtihani. Maisha ya Edith Cavell yanatuonyesha inavyokuwa nje ya mtihani.

Kuwatendea wote haki ni kumpa mtu wa kabila usilolipenda dawa ileile, kwa sauti ileile, kwa saa ileile. Si kumtibu tu, maana mtu anaweza kutibiwa kwa dharau. Mgonjwa asiyejua lugha yako anaijua mikono yako.

Kusema kweli ni kuandika katika kitabu kile ulichokifanya. Dawa iliyotolewa iandikwe, na isiyotolewa isiandikwe. Dawa ya kituo isiuzwe pembeni, hata kama mshahara umechelewa miezi mingi. Tunajua uchungu wa wauguzi wasiolipwa, na kanisa lenye hospitali lisiwahubirie uaminifu huku likinyamaza juu ya haki yao. Yakobo aliandika wazi kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na Mungu husikia kilio hicho.

Kutunza siri kunatugusa sisi wachungaji. Kiongozi wa kanisa asimwendee muuguzi kumwuliza majibu ya vipimo vya kijana anayetaka kuoa, wala ugonjwa wa dada fulani wa kwaya. Yaliyo katika karatasi ya vipimo ni ya mgonjwa. Akitaka mwenyewe atatuambia, nasi tutayatunza. Muuguzi akikataa kutujibu, tumshukuru, maana siku tutakapougua sisi, atatutunzia yetu.

Kumheshimu mgonjwa ni pia kukumbuka kwamba yeye si rehani. Mama aliyejifungua na kushindwa kulipa deni, akazuiwa wodini na mtoto wake kwa majuma mengi, ni ndugu yetu katika Kristo. Deni ni deni, na hospitali haiwezi kuishi kwa hewa. Lakini hapo ndipo mashemasi na wamama wa kanisa wana kazi. Edith alichora kadi akaziuza ili kupata chumba cha mafundisho. Sadaka ndogo ya kila mwezi kwa ajili ya wagonjwa wasio na kitu inaweza kumrudisha mama nyumbani.

Na mwisho ni lile la chuki. Muuguzi aliyeshuhudia mabaya mengi hubeba moyoni picha ambazo hamwelezi mtu. Tusimdai tu asichukie, bali tumpe mahali pa kulia na mtu wa kuomba naye. Edith mwenyewe hakufika pale alipofika kwa nguvu zake. Alikuwa na majuma 10 ya sala, mchungaji aliyekuja na mkate na kikombe, na hata mchungaji wa jeshi la adui aliyetembea naye mpaka mwisho. Je, wauguzi wa kusanyiko lako wana nani wa kutembea nao?

Tunawaomba makusanyiko yote ya mashariki watenge ibada moja mwezi huu wa Oktoba kwa ajili ya wauguzi, wakunga na wafanyakazi wote wa afya. Waitwe kwa majina mbele ya kanisa, waombewe, wasikilizwe. Na waumini waahidi mbele ya Mungu kwamba hawatamwuliza muuguzi yeyote kwa nini amemtibu mtu fulani.

Bwana aliyemsifu Msamaria kwa sababu alisimama barabarani, awape watumishi hawa nguvu ya kusimama tena kesho asubuhi. Amina.